Sura ya Sita: Robo Iliyopotea Barabarani

Kitu cha kwanza alichokiomba Bi Vipimo alipoingia katika uwanja wa kliniki ya wazazi hakikuwa kiti wala kikombe cha chai. Aliomba katoni tupu. Alipoletewa, aliipasua kwa mikono, akaitandaza chini ya gari la kliniki kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni, kisha akajipangusa vumbi na kuuliza kitabu cha gari kiko wapi.

Jina la Bi Vipimo alikuwa amepewa na wachuuzi wa sokoni. Kwa miaka ishirini na miwili alikagua mizani, mawe ya kupimia na vibaba, na hakuna muuza nyama mwenye jiwe jepesi aliyepata usingizi mzuri katika miaka hiyo. Alipostaafu aligeuka mpelelezi bila kukusudia. Watu wenye mafumbo walimfuata wenyewe, naye hakujua kukataa fumbo.

Kitabu kilikuwa stoo, na humo fumbo la leo lilikuwa limekaa kwenye benchi, kofia mapajani. Alikuwa dereva wa kliniki kwa miaka kumi na tisa, mtu mnene mwenye macho ya upole, ambaye wauguzi walimwita Taratibu kwa sababu alipunguza mwendo hata akiona kivuli cha kuku. Tangu jana alikuwa amenyang'anywa ufunguo. Saa kumi alasiri kamati ingekutana kumfukuza kazi, na barua ilikuwa imekwisha kuchapwa, ikisubiri sahihi tu.

"Mashtaka ni mawili," alisema mtunza stoo, mwanamke mwembamba aliyevaa miwani yenye mnyororo. "Anaiba mafuta, na anaendesha kwa fujo. Na kabla hujaniuliza, Mama, mimi simchukii. Namba ndizo zinazomchukia."

"Basi nikutanishe na hizo namba, dada."

Mtunza stoo alifungua kitabu. Kila ukurasa ulikuwa umepigwa mistari kwa rula, na mwandiko wake ulisimama wima kama askari. Utaratibu wake ulikuwa mmoja na haukubadilika: tangi linajazwa pomoni, gari linatumika, kisha linajazwa pomoni tena, na yeye mwenyewe akiwa amesimama kando ya pampu. Kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi ziligawanywa kwa lita zilizoingia. Safari moja moja hakuziandika, kwa kuwa gari lilizunguka nyumba kwa nyumba kuwarudisha kina mama waliojifungua, na hakuna wiki iliyofanana na nyingine.

"Kumi na mbili kwa lita," alisoma, akifuatisha kwa kidole. "Kumi na mbili. Kumi na moja na nusu, mvua ilinyesha. Kumi na mbili. Hapo ni tarehe kumi na mbili ya mwezi uliopita. Sasa angalia. Tisa. Tisa. Tisa. Tisa."

"Na hilo shtaka la pili?"

"Barua ya trafiki. Amepigwa picha akienda sitini na nne mahali pa hamsini. Taratibu! Tena siku hizi anawahi kila anakotumwa. Anakimbiza gari, anapata nafasi, anauza mafuta. Hesabu imekamilika."

Kutoka kwenye benchi ilisikika sauti ya unyonge. "Mshale ulikuwa kwenye arobaini na nane, Mama. Niliuangalia kwa macho yangu haya."

"Macho yako hayako kazini leo," mtunza stoo alimjibu bila kugeuka.

Bi Vipimo aliuinamia ukurasa kwa muda mrefu. Alipoinuka, alikuwa akitabasamu kama mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu.

"Dada, mwizi unamjua wewe?"

"Nimefanya kazi stoo miaka kumi na minne. Nawajua kwa majina."

"Basi niambie. Mwizi huiba kwa kadiri gani?"

"Kwa kadiri anavyopata nafasi."

"Sawasawa. Leo nyingi, kesho kidogo, na mkubwa akiwa karibu haibi kabisa. Sasa huyu wako, kila mara imepungua robo. Mvua robo, jua robo. Anaiba kwa rula?"

Mtunza stoo aliitazama ile rula iliyokuwa mkononi mwake, na kuiweka mezani.

Walitoka nje hadi uani. Bi Vipimo aliivuta katoni na kuigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa kavu, haina hata doa moja. Basi tangi halikuvuja. Akatoa mfukoni chaki na utepe wa kupimia, akachora alama kwenye tairi la mbele na nyingine sakafuni, kisha akamwomba dereva asukume.

"Polepole. Mpaka alama irudi chini."

"Hapo kwenye polepole umempata mwenyewe," alisema muuguzi mmoja aliyekuwa akipita na beseni, na dereva akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Tairi lilipokamilisha mzunguko mmoja, utepe ulisoma mita moja na sentimita themanini na mbili. Bi Vipimo alilitoa tairi la akiba, lile lililokuja na gari tangu mwanzo, akalizungusha vilevile. Mita moja, themanini na mbili.

"Nilidhani mmefungiwa matairi makubwa," alisema. "Tairi kubwa huzunguka mara chache, na dashibodi huhesabu pungufu. Lakini haya hayana kosa."

"Kwa hiyo amebaki mwenye mikono," alisema mtunza stoo.

"Amebaki, lakini bado hajapatikana. Daktari!" Bi Vipimo aliita kuelekea dirishani. "Naomba ufunguo kwa saa moja. Dereva aendeshe, nami nikae mbele. Dada huyu akae nyuma na kitabu chake, asije akasema nimempikia chakula akala bila kuona jiko."

Daktari mkuu, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, alitupa ufunguo kupitia dirishani. Dereva aliudaka kwa mikono miwili kama kifaranga.

Nje ya mji barabara kuu ilinyooka, na kandokando yake zilisimama nguzo za saruji, moja kila kilomita, zenye namba nyeusi. Bi Vipimo alivua saa yake ya mkononi na kuishika mbele ya macho.

"Baba, peleka mshale kwenye arobaini na tano, uushikilie hapo hapo. Usiongeze, usipunguze."

"Arobaini na tano, Mama."

"Dada, una simu yenye saa?"

"Ninayo, na siiamini saa yako."

"Ndiyo maana nimekuuliza. Nguzo ya kumi na nne hiyo inakuja. Tayari... sasa!"

Gari lilinguruma. Milango ilitikisika, na kitu kisichojulikana kikagongagonga chini ya kiti cha nyuma. Nguzo ya kumi na tano ilipita.

"Sasa! Mimi nimepata sekunde sitini."

Huko nyuma mtunza stoo aliigonga simu yake kwa kidole. Kisha: "Turudie."

Walirudia kati ya kumi na tano na kumi na sita, na kati ya kumi na sita na kumi na saba.

"Dada?"

"Sitini," alisema mtunza stoo, kwa sauti ya mtu anayetolewa jino. "Mara zote sitini."

"Kilomita moja kwa dakika moja. Kwa saa nzima yenye dakika sitini, ni kilomita ngapi?"

"Sitini. Lakini mshale unasema arobaini na tano!"

"Toa sitini robo yake."

Mtunza stoo hakuhitaji kalamu. "Arobaini na tano," alinong'ona. "Robo ile ile."

"Songa mbele mpaka nguzo ya ishirini na mbili, Baba. Tangu ya kumi na nne zitakuwa kilomita nane. Nilisoma namba ya dashibodi tulipoanza. Tuone sanduku hilo litatwambia tumetembea kiasi gani."

Gari lilipowafikisha, dashibodi ilikuwa imeongeza kilomita sita tu.

Dereva alisimamisha gari kando, akaweka mikono yote miwili kichwani. "Kumbe ndiyo maana nawahi kila mahali! Mimi nilidhani barabara imetengenezwa. Na ule mngurumo nilidhani gari limezeeka."

"Mshale na kilomita huchota kwenye waya mmoja," Bi Vipimo alieleza, akichora kwa chaki juu ya dashibodi. "Waya unatoka kwenye giaboksi, unapanda hadi hapa. Ukizunguka pungufu, vyote viwili vinasema uongo mmoja. Mafuta yaliyoingia ni yale yale. Kilomita tisa alizoandika dada huyu zilikuwa kumi na mbili. Hakuna tone lililoibwa."

"Ngoja kwanza," alisema mtunza stoo. Alikuwa amesogea mbele hadi miwani yake ikawa katikati ya viti viwili. "Hapo umeonyesha kwamba kipimo ni kiongo. Hujaonyesha aliyekifundisha uongo. Huenda alikichezea mwenyewe ili apate pa kujificha."

"Swali zuri, na nilikuwa nalisubiri. Wewe ungekuwa unaiba mafuta, ungetaka kitabu kionyeshe kilomita nyingi au chache?"

"Nyingi. Ili mafuta yaonekane yametumika..." Mtunza stoo alijishika mdomo. Mabega yake yalianza kutikisika, na dereva aliyekuwa akimtazama kwenye kioo alidhani analia. Alikuwa anacheka. "Amezipunguza! Mwizi gani anajiandikia mashtaka?"

"Mwizi mwenye huruma na polisi," alisema Bi Vipimo.

Walicheka wote watatu. Lakini mtunza stoo alipokwisha kujifuta macho alirudi nyuma kwenye kiti chake, na sauti yake ikarudi stoo.

"Hata hivyo, waya hauchoki kwa robo kamili. Kuna mkono uliofungua. Na kitabu cha matengenezo hakina kitu tarehe kumi na mbili. Mama, unaijua kanuni yetu ya saba? Gari likifunguliwa na fundi wa nje bila fomu, dereva anaondoka. Si kwa wizi. Kwa kanuni."

Dereva alishika usukani akatazama mbele. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni kama maji kwenye chujio.

Bi Vipimo alishuka, akatandika ile katoni barabarani, akajilaza chali na kuingia chini ya gari. Alikaa humo kiasi cha kuhesabu mia. Alipotoka alikuwa na grisi kwenye ncha ya pua.

"Chini huko kila kitu kimevaa tope la miaka kumi," alisema. "Isipokuwa nati moja, mahali waya unapoingia kwenye giaboksi. Hiyo inang'aa kama pete ya bibi harusi. Nani aliifungua, Baba?"

"Sijui, Mama."

"Huibi, na uongo pia hujui kuusema. Masikio yamekuwa mekundu. Nani?"

"Mama, mimi nifukuzwe tu."

"Anamkinga mtu," alisema mtunza stoo.

"Anamkinga ndugu," alisema Bi Vipimo. "Rafiki angekwisha kumtaja. Mkeo ana kaka?"

Dereva alifumba macho.

"Na kaka huyo anashika spana?"

* * *

Gereji ya shemeji ilikuwa nyuma ya duka la mbao, na ilikuwa na kelele kuliko soko. Shemeji mwenyewe, kijana mrefu mwenye ovaroli iliyosimama kwa mafuta, alimwona dereva akaja mbio amefungua mikono.

"Shemeji! Umemleta nani? Karibuni, karibuni, hiyo ndoo geuzeni mkalie. Dada yangu hajambo?"

"Hajambo. Shemeji, nyamaza kidogo."

"Kwa nini ninyamaze katika gereji yangu? Mshale umetulia? Si nilikwambia utatulia!"

Dereva alijipiga kofi kwenye paji la uso. Bi Vipimo aliigeuza ndoo, akakalia, akakunja mikono.

"Umetulia kabisa, fundi," alisema. "Ninatafuta aliyefanya kazi nzuri namna hiyo. Ilikuwaje?"

"Mama, ulikuwa unacheza! Thelathini, themanini, thelathini, kama una mapepo. Shemeji wangu hawezi kuendesha bila kuuona mwendo wake, anaumwa. Jumapili ile alikuja kula kwangu, nami nikasema, zawadi yangu ni hii. Nikazama chini. Nikaikuta ile gia ndogo ya plastiki, inayosukuma waya, imekatika meno matatu." Alinyoosha mkono kwenye rafu, akashusha kopo, akamwaga kiganjani kigia cheupe kisichozidi kidole gumba. "Hii hapa. Nimeihifadhi, mimi si mtu wa kutupa."

"Ilikuwa na meno mangapi kabla ya kukatika?"

"Ishirini na moja."

"Na uliyoweka?"

Fundi alijivuna mpaka ovaroli ikalia. "Nilikuwa nazo mbili, zimetoka kwenye magari mawili mabovu. Moja ya ishirini na moja, nyingine ya ishirini na nane. Nikajiuliza, shemeji nimpe ipi? Mtu aliyemwoa dada yangu! Nikampa ya ishirini na nane. Meno mengi, Mama, linang'oka moja unabaki na mengine. Kama mdomo."

Mtunza stoo alitoa sauti ndogo.

"Fundi," alisema Bi Vipimo kwa upole, "ile gia ya ndani ya giaboksi, inayosukuma hii, ulibadilisha pia?"

"Ya nini? Ni nzima kabisa."

"Basi hebu tuhesabu pamoja. Gia ya ndani inasukuma jino moja moja. Gari likienda umbali fulani, inasukuma meno ishirini na moja. Gia ya zamani ingekuwa imezunguka mara ngapi?"

"Mara moja, barabara."

"Na yako yenye ishirini na nane?"

Fundi alihesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Alikitazama kile kigia kiganjani, kisha akalitazama gari, kisha shemeji yake.

"Haijamaliza," alisema. "Imebakiza meno saba."

"Robo," alisema mtunza stoo.

"Kwa hiyo mshale..."

"Unasema arobaini na tano ukiwa sitini. Shemeji yako amepigwa picha na trafiki, ameitwa mwizi wa mafuta, na saa kumi anafukuzwa kazi. Kwa upendo wako."

Fundi aliketi chini palepale, juu ya spana, akaruka, akaketi tena pembeni. "Dada yangu ataniua," alisema. "Shemeji, kwa nini hukunitaja?"

"Ulikuwa umenipa zawadi," dereva alijibu. "Mtu anaishtaki zawadi?"

* * *

Saa kumi kasoro dakika tano, chumba cha mikutano cha kliniki kilikuwa kimejaa. Wanakamati walikuwa saba, lakini wauguzi walikuwa wamejipachika madirishani, na kina mama wawili wenye vichanga walikuwa wamekaa mlangoni wakisema wanasubiri usafiri. Fundi alisimama ukutani na kigia chake mkononi, ameosha uso tu, shingo ikiwa nyeusi vilevile.

Bi Vipimo alieleza yote kwa dakika nane: katoni, tairi, nguzo, nati, meno. Alipomaliza, madirisha yalipiga makofi. Daktari mkuu aliinua mkono.

"Wizi umefutika, na nashukuru. Lakini kanuni ya saba ipo, nami siwezi kuiruka kwa sababu nampenda mtu. Gari lilifunguliwa bila fomu. Dereva, kwa nini hukuomba?"

Dereva alisimama, akaizungusha kofia yake.

Ndipo mtunza stoo aliposimama. Mkononi alishika faili ambalo hakuna aliyemwona akilileta.

"Mwenyekiti, tuliporudi kutoka gereji nilikwenda kwenye kabati langu kutafuta kitu. Nimekipata, na ningependa kukisoma mwenyewe kabla mwingine hajakisoma." Alirekebisha miwani. "Fomu ya kwanza. 'Mshale wa mwendo unacheza, naomba fundi.' Sahihi ya dereva. Chini yake kuna mwandiko mwingine: 'Isubiri.' Fomu ya pili, wiki mbili baadaye, maneno yale yale. 'Isubiri.' Fomu ya tatu." Aliinua karatasi ya mwisho. "'Isubiri.' Mwandiko huo ni wangu. Ameomba mara tatu. Mimi nilisema gari linatembea, mshale ni pambo."

Wauguzi madirishani walinong'onezana.

"Nilimwita mwizi mbele ya watu kumi na wawili pale uani," aliendelea. "Leo nimehesabu, mpo ishirini na tatu, basi nina ziada. Dereva, nisamehe. Namba zangu zilikuwa sahihi. Mimi ndiye nilikosea kuzisoma."

"Dada, kaa chini," alisema dereva, machozi yakimlenga. "Kaa, utanifanya nilie mbele ya shemeji, atanicheka mpaka mwakani."

"Nitakucheka mpaka uzeeni," alisema fundi.

Daktari mkuu aligonga meza, lakini alikuwa akicheka mwenyewe. "Kanuni ya saba inasema bila fomu. Fomu zipo tatu. Kamati, kuna anayepinga?" Hakuna aliyepinga. "Basi dereva yupo kazini. Na faini ya trafiki?"

"Hiyo nitalipa, Mwenyekiti," dereva alisema haraka. "Sitini na nne niliiendesha kweli."

"Ulijisikiaje?"

Dereva aliangalia pembeni. "Nilifurahi sana, ila sikujua kwa nini."

Walipotoka uani, kina mama wawili walikuwa wamekwisha kuingia garini na mabunda yao. Gia ya meno ishirini na moja ingefungwa kesho asubuhi, kwa fomu, na mtunza stoo akiwa amesimama hapo hapo. Lakini vichanga havikuweza kungoja kesho. Mtunza stoo aliinama kupitia dirishani, akabandika karatasi kwenye dashibodi, mistari yake imepigwa kwa rula: *30 ni 40. 45 ni 60.* Chini yake aliweka sahihi na muhuri wa stoo.

"Leo mshale usivuke thelathini," aliagiza.

"Nimesikia, dada."

Gari lilipita langoni, wauguzi wakipunga mikono. Lilipokata kona, mtunza stoo alikimbia mpaka barabarani, miwani ikimrukaruka kifuani, akaweka viganja mdomoni.

"Thelathini!"

Kutoka nyuma ya ukuta, katikati ya mngurumo na kilio cha vichanga viwili, sauti nene iliitika kwa furaha:

"Arobaini, dada!"